Fundi Aliyeliamini Gazeti Lake Mwenyewe

Mzee Joab Otiende ameitumikia karakana ya baiskeli ya kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na moja, tangu Machi 1966, na anastaafu rasmi Jumatano, tarehe 31 Desemba 1997.

Kamati ya kuagana ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye kalamu nzuri. Mtu huyo tunaye, Bwana Mathew Kimeli, karani wa ofisi na mhariri wa jarida letu la *Kengele*. Alikataa. Alisema ati yeye mwenyewe yumo ndani ya hadithi hii na hawezi kujihukumu. Basi kazi ikaniangukia mimi, Dorine Chepyegon, karani wa majani, ambaye pia nimo ndani ya hadithi, tena chini kabisa, mtaroni. Mtanivumilia.

Mzee Joab alitoka kwao kando ya ziwa akaja huku kuchuma chai. Mikono ilikuwa myepesi, lakini miguu ilikanyaga miche mingi kuliko aliyochuma, na nyapara akaona heri amwondoe shambani kabla shamba halijaisha. Akapelekwa karakana kushikilia taa. Alishikilia taa wiki moja hivi, kisha akaanza kumwelekeza fundi mkuu mahali pa kugonga. Wanasema fundi mkuu hakupenda, ila baiskeli zilipenda.

Miaka ile meneja mmoja Mzungu alirudi kwao, akaacha vitu vingi. Watu waligombania viti, mapazia na sufuria. Mzee Joab alichukua baiskeli kuukuu iliyotengenezwa kwa vipimo vya mwenyewe, na sanduku la magazeti ya baiskeli ya Uingereza ya kabla ya vita, yenye mchwa ndani. Kiingereza hakukijua. Alisoma picha. Alikaa nayo miaka, akichunguza jinsi mafundi wa zamani walivyounganisha mabomba ya fremu kwa vipande vya chuma vilivyochongwa maua, na jinsi mwendeshaji alivyopimwa kwanza ndipo chuma kikakatwa.

Ndipo akaanza kuunda zake. Ukienda kwake kuagiza baiskeli, alikupima kwa utepe wa fundi cherehani: mguu, mkono, mgongo. Halafu aliuliza unabeba maziwa au mahindi, na unasali kanisa gani, maana kuna makanisa yaliyo mlimani. Baiskeli ikiisha aliipigilia beji ya bati aliyoikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, imeandikwa OTIENDE SPESHELI. Unyenyekevu hakujaliwa, na hatutamsingizia leo. Aliwahi kumwambia katekista mmoja kwamba baiskeli ile ingemfikisha mbinguni kama angeitia grisi kila mwezi.

Mwaka 1991 Bwana Kimeli, aliyekuwa akimtafsiria yale magazeti ya Wazungu saa za chakula cha mchana, alisimama akasema nasi tunaweza kuwa na letu. Hivyo ndivyo *Kengele* ilivyozaliwa. Waliichapa kwa stensili kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, na wino ulitua zaidi kwenye mashati kuliko kwenye karatasi. Toleo la kwanza lilikuwa na ukurasa wa pili uliopinduka juu chini, lakini mafundi wa Sotik na Kipkelion walilinunua lote, na akina Bwana Kimeli wakajiona wakubwa. Bwana Kimeli akaanza kujiita Mhariri Mkuu, ingawa hakukuwa na mhariri mwingine. Mzee Joab, aliyechora michoro na kueleza ufundi, akaanza kuvaa tai ndani ya ovaroli.

Hapo ndipo shida ilipoingia. Tangu Mzee Joab alipoliona jina lake limechapwa, hakuamini tena kitu ambacho hakijachapwa. Mtu akibishana naye juu ya mnyororo, alifungua *Kengele*, akatafuta, akakuta maneno aliyoyasema yeye mwenyewe mwezi uliopita, akafurahi na kusema unaona sasa, hata gazeti limesema.

Mimi niliajiriwa mwaka 1993, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilitoka Sigor na cheti cha shule na mguu mmoja mfupi, wa kushoto, kwa sababu ya polio ya utotoni. Hesabu niliijua, mizani niliijua. Lakini karani wa majani ana vituo vitatu vya kununulia majani, na vya kwetu viko juu na chini ya mabonde, na lori halingoji mtu anayechechemea. Meneja wa mashamba alinieleza bila kuzungusha: majaribio yakiisha, kama siwezi kujifikisha mwenyewe hadi kituo cha mwisho, kule ng'ambo ya bonde, kazi itapewa mwingine. Nyumbani mshahara uliotegemewa ulikuwa wangu tu. Nyuma yangu kulikuwa na mama na wadogo zangu, na mbele yangu kulikuwa na kilima. Niliogopa, jameni, niliogopa sana.

Mzee Joab alinipima siku hiyo hiyo. Alichora baiskeli yenye bomba la juu lililoshushwa kwa ajili ya sketi, na upande wa kushoto mkono wa pedali uliofupishwa, na kibao kilichopigiliwa juu ya pedali ili mguu wangu ufike. Ulikuwa mchoro mzuri ajabu. Bwana Kimeli alipouona alisema huu hauwezi kukaa kwetu tu, lazima dunia iuone, na kwa dunia alimaanisha Bomet. Akaubandika kwenye kioo cha dirisha la ofisi ili mwanga upite, akaunakili kwenye stensili. Ila aliubandika uso ukiangalia nje. Kwa hivyo *Kengele* ilipotoka, kushoto kulikuwa kulia na kulia kulikuwa kushoto.

Mchoro wa mwanzo ulitumika kufuta wino. Hakuna aliyejali, kwani si tulikuwa nao gazetini? Mzee Joab alilitundika *Kengele* ukutani, akaunda baiskeli kufuata gazeti. Aliona mnyororo umechorwa upande usio wake, akatikisa kichwa kumsikitikia Kimeli, akauweka upande wa kawaida. Mengine yote aliyafuata vilevile yalivyochapwa. Mguu wangu mzima ukapewa kibao na mkono mfupi. Mguu mfupi ukaachiwa kuogelea hewani.

Nilipanda, nikaanguka kwenye mtaro. Nikapanda tena, nikaanguka kwenye chai. Goti la kulia lilikuja juu mpaka nikaogopa kuuma ulimi. Wachumaji wakawa wanapumzika kidogo nikipita, ili wasipitwe na kitu. Jioni tulikutana karakana, sisi watatu, tukaliangalia gazeti, tukaiangalia baiskeli, tukaona vinafanana kabisa, ukiacha mnyororo. Basi baada ya kufikiri sana tukakubaliana kwamba mwenye kosa ni mguu wangu. Bwana Kimeli alisema labda nimeuzoeza vibaya. Mzee Joab alinishauri niukande kwa maji ya moto. Nami, mwenye mguu, niliyeulalia na kuuamkia tangu utoto, niliukanda! Ningesema nini? Gazeti lilikuwa limesema.

Miezi miwili ikaisha hivyo. Nilikuwa nimeanza kufunga nguo zangu ili nikifukuzwa nisichelewe, na usiku nililia bila kumwambia mtu.

Aliyetuokoa ni Bwana Nyaberi, fundi wa baiskeli wa sokoni Sotik, na hakuja kutuokoa, alikuja kutupiga. Alifika karakana na friwili mkononi, ile gia ya gurudumu la nyuma, jasho linamtiririka. Yeye pia alikuwa ameunda baiskeli kufuata *Kengele*, na kwa kuwa ni mtu wa heshima kwa maandishi, hakusahihisha chochote. Aliweka mpaka mnyororo upande wa kushoto. Mteja wake akapanda mbele ya soko zima, na kila alipokanyaga friwili, ambayo hujikaza upande wa kulia tu, ikajifungua kidogo, mpaka ikadondoka, mnyororo ukafuata, na mteja akaufuata mnyororo. Bwana Nyaberi alitaka kujua ni shetani gani aliyetuambia mnyororo unakaa kushoto.

Mzee Joab alimfungulia gazeti ili amwonyeshe kwamba gazeti halikosei. Akatazama mnyororo uliochorwa. Akatazama baiskeli yangu. Kisha akatazama miguu yangu, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake na kukuta hawatimii. Tai akaivua. Aliniambia, "Nyathina, mguu wako hauna kosa. Sisi ndio tumepinduka." Nyathina kwao ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Usidhani mambo yalinyooka palepale. Alihamisha kibao na mikono ya pedali, kibao kikawa kirefu mno. Akakipunguza, kikawa kifupi. Kila akikata alisema sasa imekaa, nami kila nikipanda nilirudi na udongo upande mwingine wa sketi. Mara hii hakufungua gazeti. Alikuwa anakimbia kando yangu akiangalia goti langu, anapiga kelele nisimame, anapima, anarudi kukata tena.

Siku ya mwisho ya majaribio meneja wa mashamba alitangulia kwa pikipiki hadi kituo cha mwisho, akakaa pale na saa yake. Niliondoka kiwandani na mvua nyepesi. Nyuma yangu nilisikia buti zinapiga matope. Alikuwa Mzee Joab, na spana mfukoni, miaka hamsini na moja, anakimbia kuteremka bondeni na kupanda tena, kwa sababu hakuiamini kazi yake mwenyewe tena. Kwa mtu wa OTIENDE SPESHELI, hilo si jambo dogo. Nusu ya kilima pumzi zilimwishia, akakaa chini kwenye majani akanipungia mkono niendelee. Niliendelea. Miguu yote miwili ilifika kila mzunguko, na pale juu wakulima walikuwa wameshapanga vikapu mbele ya mizani. Meneja aliangalia saa, akaniuliza kwa nini siko kwenye mizani na majani yananyauka.

Karakana itasema ameacha baiskeli nyingi na wanafunzi watatu waliofunzwa vizuri. *Kengele* itasema ameacha michoro ambayo sasa hukaguliwa na watu wawili na kioo. Sisi wafanyakazi wenzake tunasema asante sana: kwa lugha ya kwao, erokamano, na kwa sisi watu wa huku, kongoi missing. Mvua za mwaka huu zimebomoa njia nyingi, kwa hivyo, Mzee Joab, usiwe na haraka ya kufika nyumbani. Ukapate afya, na wajukuu wa kupima kwa utepe, na mboga za shambani kwako, na usingizi mrefu usiokatizwa na king'ora cha kiwanda.

Nenda salama, Baba. Mimi kesho asubuhi niko kazini.