Klementina Asiguswe

Sikieni wanangu, Masunga na Lucy, na wewe Shigela, shemeji yangu, usikae mlangoni kama mtu anayetafuta njia ya kuondoka. Sogea, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na mengi ya maneno haya ni yako. Mimi Kwandu, mke mkubwa wa marehemu baba yenu, nasema nikiwa na akili zangu zote. Ugonjwa ndio unaoniua. Si mtu.

Mnakumbuka mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia hapa kijijini Sapiwi na mizani zao, watu wakikimbilia kuuza pamba, mimi sikuweza hata kubeba kikapu. Nikila matonge mawili nashiba kama niliyemaliza chungu, kisha natapika, na choo kikawa cheusi kama lami. Shigela ukaenda kwa mganga bila kutumwa, ukarudi na jina la aliyeniroga: Klementina. Mke mwenzangu! Eti ana macho mekundu. Macho yale, Shigela, yameiva kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, miaka thelathini akiupikia ukoo huu, na wewe ukila humo humo.

Ukaja kuchukua dume langu jeusi umpelekee mganga. Nilikuambia nini? Nilisema, "Dume hili linakwenda mnadani, na mimi nakwenda Mwanza." Ukacheka, ukasema mwanamke akipasuliwa tumbo harudi, hurudishwa. Nikapanda basi na Klementina huyo huyo akinishika kiuno, ili kijiji kizima kione roho yangu nimeiweka mikononi mwa nani.

Huko hospitalini wakanimezesha mpira wenye taa, wakanyofoa kinyama, wakakipima. Daktari Anatoli, kijana mdogo kuliko Masunga, akakaa kitandani kwangu akasema waziwazi: "Mama, ni saratani ya tumbo. Nikikata, unaweza kuishi miaka kadhaa, na unaweza pia kufia mezani. Nisipokata, hutaona mavuno yajayo." Nikamwambia, "Kata." Muuguzi akaleta karatasi, akataka mwanamume wa ukoo atie sahihi. Shigela ulikuwa umetufuata, umesimama pale dirishani, ukakataa, ukasema kwanza Klementina akiri. Basi nikaomba wino, nikabandika dole gumba langu mwenyewe. Nikalibandika mara mbili, la pili la hasira tu.

Wakatoa sehemu kubwa ya tumbo, kilichobaki wakakiunga na utumbo. Nilipopata nguvu nikamwomba daktari atuonyeshe alichokitoa. Akasita, kisha akakileta kwenye chupa, na wewe Shigela ukaitwa ukakiona: nyama ngumu, yenye kidonda katikati. Hamkuwa na hirizi mle, wala nywele, wala sindano. Ukainamisha kichwa, ukatoka nje.

Nikaishi miaka minne. Minne, wanangu! Nikila kidogo kidogo mara sita kwa siku, Klementina akinikorogea uji wa mtama na kunigombeza nikiuacha. Nililima pamba misimu mitatu. Nilimwona Lucy akifunga ndoa kanisani, nikacheza hadi mshono ukaniuma.

Sasa ugonjwa umerudi, umeingia kwenye ini, na daktari amesema hakuna tena cha kukata. Na mimi nasikia kwamba wewe, Shigela, umerudi tena kwa mganga wako. Mnapenda kusema lisemwalo lipo. Hata uongo husemwa, mwanaume! Wangapi wamekatwa mapanga humu kwa maneno ya namna hiyo, vikongwe waliotulea? Kwangu haitakuwa. Hakuna atakayesingiziwa kifo changu.

Kwa hiyo shikeni. Nyumba hii na shamba la mbugani ni vya Klementina mpaka mwisho wa siku zake. Hakujaliwa kuzaa, basi Masunga, wewe ndiye uzao wake. Ng'ombe gawaneni, Lucy apate sawa na kaka yake, na asiulizwe kwa nini. Nikifa, Klementina ndiye anioshe, na awe wa kwanza nyuma ya jeneza langu mbele ya watu wote. Masunga, tandika mkeka mlangoni kwake, ulale pale matanga yote na baada ya matanga. Atakayekuja na panga, akukute wewe kwanza.

Niinueni kidogo... hapo, inatosha.

Shigela, mpe Klementina mkono. Usinitazame mimi, mtazame yeye. Mshike vizuri, kama mtu... Hivyo. Wote mmeona.

Lucy, mwanangu, uzae na ulee. Masunga, mvua ikukute umeshapanda. Klementina, mwenzangu, umenilisha... Mungu akulishe. Na wewe Shigela, hata wewe... nakubariki. Lakini ukimgusa Klementina... ukimgusa tu... baraka hiyo nimeiondoa.