Kinanda Nilichokiita Changu

Mwangaluka, wapendwa. Nimeomba nafasi hii ya ushuhuda mwenyewe, na sasa natamani nisingeiomba.

Mnanijua kama mtengeneza vinanda. Nilianza pale Bariadi na vinanda vibovu vya kwaya, napuliza vumbi, nabadilisha vitufe. Baadaye nikavimba kichwa, nikaanza kuunda vyangu. Boksi nachonga la mbao, ndani natia bodi za vinanda vilivyokufa, juu naandika jina langu kwa rangi nyekundu. Ndugu zangu, nawaambia, lile jina lilinilevya.

Kwaya moja ya Zagayu ikaniletea kinanda chao. Kilikuwa kimeungua pale pa kuingizia umeme tu. Bodi, yaani moyo wenyewe, ilikuwa nzima. Nikaitamani. Nikawaambia kimekwisha.

Mjane wa mwalimu wao wa kwaya akaniuliza taratibu, "Na ile sauti aliyoirekodi marehemu humo, haitoki tena?"

"Imekufa, mayu, mama yangu," nikamjibu, bila hata kumeza mate. Akanishukuru.

Wakaondoka na boksi tupu; bodi nikaihamishia kwenye kinanda changu kipya, nikakipeleka Maswa kwenye sherehe ya kwaya. Sikufuta kumbukumbu yake. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Mbele ya watu nikabonyeza kitufe cha midundo. Ikatoka sauti ya mwanaume akiwahesabia waimbaji, "Imo, ibili, idatu."

Kwaya ya Zagayu ilikuwa imealikwa, na yule mama alikuwemo. Hakupiga kelele. Alisimama akasema, "Huyo ni mume wangu."

Mnaguna. Guneni, ni haki yenu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nilikiri palepale. Kesho yake nikaenda Zagayu, nikairudisha bodi kwenye kinanda chao wote wakitazama. Nilijiandaa kutukanwa. Wakaniletea kiti na maji ya kunywa. Hicho kiti, wapendwa, kiliniuma kuliko fimbo.

Nawashukuru wanakwaya wale, na mchungaji aliyenizuia nisiifunge karakana nikakimbia. Siku hizi natengeneza vibovu tu, siundi tena, na mwenye kinanda anakaa pembeni nikifungua. Fundi mwenzangu, mali ya mtu usiitangazie kifo kwa sababu umeitamani.

Yule mama yumo humu ndani leo. Alishanisamehe, tena mbele za watu. Mimi ndiye bado sijaweza kumwangalia.