Siku Thelathini za Asmaa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Lamu, penye baraza mbili zinazotazamana kwa karibu sana, hata punda akipita na saruji sote twainua magoti. Kila alasiri Amini hutuletea dele lake la kahawa chungu, nasi hutatua matatizo ya nchi ambazo hatujazikanyaga. Balozi, ambaye jina lake la haki ni Mukhtar, hajavuka Mombasa, lakini hakuna ubalozi asioujua. Redio, yaani Twahir, akisikia jambo nusu hulimalizia mwenyewe. Mimi husikiliza, hukasirika, na kesho yake hurudi. Alhamisi hiyo alikuja Bwana Hamdun, mtu wa Pate aliyehamia mjini, akashindwa hata kukaa. Binti yake Asmaa yuko Uturuki. Alikwenda kumtembelea khalati yake, dada wa mamake, kwa viza ya siku thelathini, na alipokuwa huko akapata nafasi ya kusomea ukunga. Sasa anaomba kibali cha mwanafunzi bila kurudi nyumbani, na ameambiwa ombi liingie ndani ya siku hizo thelathini. Likichelewa, arudi kwao, nafasi apewe mwengine.

HAMDUN: Fomu imejazwa yote, imebaki kubonyeza tu kwenye simu iende. Lakini roho haitulii. Wallahi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni.

BALOZI: Kaa kwanza, Bwana Hamdun. Zile siku zimebaki ngapi sasa?

HAMDUN: Mwisho kesho. Nimemwambia abonyeze kesho, tukisha kumsomea dua baada ya swala ya Ijumaa. Jambo kubwa kama hili halibonyezwi ovyo.

BALOZI: Hapo umefanya sawa. Ila mimi nina shaka na picha. Ni ile ile ya viza ya kutembea?

HAMDUN: Ile ile.

BALOZI: Yuwacheka?

HAMDUN: Kidogo.

BALOZI: Basi! Mgeni hucheka, mwanafunzi hacheki. Wale wana mashine ya kutizama meno. Ikiona kicheko, yasema huyu amekuya kutembea tu.

Hamdun aliutazama uso wa binti yake kwenye simu, akautazama tena. Nilitamani kumpiga Balozi kwa kandambili.

REDIO: Meno si kitu. Viza aliiomba kwa simu gani?

HAMDUN: Hiyo hiyo aliyonayo.

REDIO: Hapo ndipo penye hatari. Simu hiyo ishaandikwa mgeni. Akibonyeza kwayo, nti nzima itajua. Aazime ya mtu, tena mtu asiyemjua.

MIMI: Redio, nyamaza. Mwenzio hajala.

BALOZI: Kuna ndia nyingine. Apande boti, atoke mpaka pale maji yao yanapokwisha, kisha arudi. Siku zaanza upya.

AMINI: Balozi, khalati yake akaa bara. Bahari iko mwendo wa siku nzima.

BALOZI: Hata mto wafaa.

REDIO: Au aolewe huko huko, mambo yaishe.

HAMDUN: Twahir! Mwanangu hakwenda kutafuta mume. Mamake alijifungua ndani ya boti, twatoka bandarini Mtangawanda, kule kwetu Pate, twaja hospitali, na mwana hakuishi. Asmaa alikuwapo, amemshika mamake mkono. Miaka tisa alikuwa nayo. Tangu siku hiyo hataki kusikia kazi nyingine.

Redio aliinama akajifanya anatafuta kiatu chake, na mimi niliona haya kwa niaba yetu sote. Pembeni kabisa alikuwa amekaa Owen, muuguzi aliyehamishiwa Lamu mwezi uliopita. Alikuwa bado mgeni kijiweni na hajapewa jina la utani. Alitoa simu akafungua kalenda.

OWEN: Samahani, Bwana Hamdun. Asmaa aliingia kule tarehe ngapi?

HAMDUN: Tarehe nne mwezi wa tisa. Jumatano.

OWEN: Mbona mimi napata leo? Siku ya thelathini ni leo.

HAMDUN: La, Jumatano haimo. Ile ni siku ya kufika.

BALOZI: Siku ya kufika haihesabiwi, kijana. Mgeni akishuka boti pale Mtangawanda, siku hiyo ni ya kutapika na kulala. Hesabu huanza asubuhi yake. Tumekuta hivyo kwa wazee wetu.

Sote tukatikisa vichwa, na mimi nikiwamo. Jumatatu hapa hapa nilizihesabu siku hizo pamoja nao kwa vidole, tukaiacha Jumatano nje, na hakuna aliyeuliza.

OWEN: Sawa, hiyo ni huku kwetu. Na wao Uturuki, huanza kuhesabu siku gani?

Ilikuwa saa kumi na nusu, na saa yao na yetu ni moja, kwa hiyo huko pia siku ilikuwa imeshakwenda. Hamdun alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika.

AMINI: Labda yuko ndani ya basi, hasikii.

OWEN: Mwandikie ujumbe. Atume sasa hivi, asingoje kesho.

Hamdun alianza kuandika, kila herufi akiikosa. Nikampokea simu nikaandika mwenyewe: Bonyeza sasa, mwanangu. Tukaikodolea macho, wazee wazima watano na muuguzi mmoja. Hapakuja jibu.

OWEN: Kwani yeye mwenyewe alitaka kutuma lini?

HAMDUN: Jumatatu. Alinipigia akanisihi, baba, nitume yeo hii hii, nipumue. Nikamwambia angoje Ijumaa, watu wazima wa barazani wamenihesabia, siku zingaliko.