Bakhit bin Khalfan, Mtu Aliyeachiwa Funguo

Marehemu Bakhit bin Khalfan alizaliwa Kikwajuni, Unguja, tarehe 3 Machi 1958, akiwa kitinda mimba. Alisoma skuli hapo hapo mpaka darasa la sita. Mwaka 1973 mama yake alimleta Maskati, akajifunza kazi kwa fundi wa makufuli mtaa wa Matrah. Mikono yake ilikuwa myepesi mno.

Wepesi huo ulimponza. Mwaka 1985 yeye na mwenzake Azzam walivunja duka la dhahabu, wakakamatwa, akafungwa miaka sita. Mwenyewe aliusia jambo hili lisomwe wazi, lisifichwe.

Alipotoka alirudi kwenye makufuli. Aliyejifungia nje alimwita, lakini mlango ukishafunguka alisimamiwa mpaka aondoke. Hakulalamika. Mwaka 1993 alimuoa Bi Khulood, wakahamia Amerat, wakajaaliwa Anas na Aliya. Mtaani hapo, mtu akisafiri humwachia jirani ufunguo. Kwa Bakhit ulipita mwaka, ukapita mwengine, hakuna aliyepiga hodi. Hilo lilimuuma, ingawa alimwambia mkewe tu.

Mwaka 2009 jirani yao, Bi Zuwena, mjane, alijaaliwa kwenda Hija. Alikuja kuaga na kuombana radhi, kama ilivyo ada, kisha akamtilia Bakhit ufunguo mkononi.

"Mindimu yangu usiiache na kiu, baba."

Bakhit aliugeuza ufunguo kiganjani, akaugeuza tena. Kahawa yake ilipoa kikombeni.

Habari zikamfikia Azzam. Akaja na tende.

"Safari hii hatuvunji kitu, sheikh wangu. Ufunguo si unao!"

"Nnao wa kumwagilia mindimu."

"Siku hizi umekuwa mtunza bustani?"

"Ndiyo. Na tende zako chukua."

Bi Zuwena aliporudi, Bakhit alimweleza yote, akauweka ufunguo juu ya sinia. "Tafuta mtu mwengine, bibi. Watu wangu wa zamani bado wananijia."

"Hebu niondolee upuuzi! Mwezi wa Rajabu nnakwenda Umra. Nimwachie nani, huyo Azzam?"

Bakhit alicheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo funguo za majirani zilizidi kuongezeka kwenye misumari nyuma ya mlango wa jiko lake.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Hata siku za kwenda kusafishwa damu, aliuliza kwanza nani kasafiri. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, akazikwa Amerat siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Familia inawashukuru sana madaktari, wauguzi, na majirani waliobeba jeneza na waliopika.

Ameacha mjane, Bi Khulood, watoto wake Anas na Aliya, na wajukuu wanne.

Jana familia iliwaomba wenye funguo waje wazichukue. Alikuja Bi Zuwena peke yake. Aliutafuta wake kwa vidole, akaushika kidogo, kisha akaurudisha msumarini.

"Anas, baba," alisema, "Rajabu nnakwenda Umra."

Mola amrehemu Bakhit na ampe mapumziko ya salama. Amin.