Kurudi Huku, Kurudi Kule

Area D, nyuma ya maegesho ya bajaji, kuna kijiwe ambacho ni jiwe kweli. Wapimaji wa viwanja walilikuta, wakalizungushia kamba zao, likawashinda, ikabidi barabara ipinde. Mbele yake watu wameweka ubao juu ya matofali, na ukiegemea, joto la mchana linakuingia mgongoni taratibu mpaka unasahau ulikuwa unalalamikia nini. Jioni hiyo ya Alhamisi, mwezi wa saba, upepo ulikuwa unapita na vumbi lake kama mwenye nyumba anayekagua vyumba, na Castory alikuwa amekaa pembeni, koti limefungwa hadi shingoni, macho yamefumbwa nusu. Hapa wanamwita Abiria, maana kwa miaka mitatu tangu ofisi yao ihamie Dodoma kutoka Dar, hawajawahi kumwona Ijumaa bila begi. Mfukoni mwa shati alikuwa na barua ya kubadilishana vituo vya kazi. Elieth, mtunza masijala mwenzake aliyeko Dar, amechoka foleni na anataka kuja huku. Upande wake ameshasaini. Castory akisaini wa kwake kabla ya kesho saa nne asubuhi, atakuwa amerudi kwa mkewe Evelina na mtoto wao Joel. Asiposaini, Elieth ana mtu mwingine wa Morogoro anayesubiri kwa hamu. Barua hiyo ilikuwa na karatasi moja tu, lakini Castory aliiona nzito.

— Mbukwenyi! Kikao kimeanza, alitangaza Mzee Silvano kwa salamu ya kwao, Mgogo wa hapa hapa, ambaye baba yake alichunga mbuzi pale lami inapopita leo. Wanamwita Spika kwa kuwa anagawa zamu za kuzungumza, na nyingi anajipa mwenyewe. — Hoja ni moja: Abiria abaki au aondoke?

— Mzee Spika, sikuleta hoja mimi. Nimesema tu nina barua.

— Ukishaisema kijiweni ni hoja. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Na mgao wa maji ukiwepo? aliuliza Asma, akimimina kahawa.

— Basi unakaa hivyo hivyo, uchi, unasubiri. Ndiyo maana yake.

Asma anatoka Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni. Anauza kahawa na kashata hapa jiweni, na jina lake la kijiweni ni Hansadi, kwa sababu kila neno ulilosema analo kichwani, na atakusomea siku usiyotaka.

Wa nne alikuwa Obedi, dalali wa mahindi, anayeshinda Kibaigwa sokoni na jioni anarudi mjini na makapi kwenye nywele. Alijisogeza katikati ya ubao.

— Nyinyi mnaongea kisiasa. Hili ni jambo la mzani. Dar ni lumbesa, wazee. Gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, ukiliona unasema hapa kuna mali. Kumbe nusu ni kilemba. Dodoma ni gunia limeshonwa vizuri, ila limepwaya juu.

— Kwa hiyo? aliuliza Castory.

— Kwa hiyo hatununui kwa macho. Tunachoma bambo. Unaingiza kile chuma ubavuni, unatoa punje chache, unaziangalia kiganjani. Nipe siku moja tu ya Dar. Usichague nzuri.

Castory alicheka kidogo. Kisha akafumba macho kabisa, na ile siku ikaja yenyewe bila kusukumwa.

— Naamka saa kumi alfajiri. Joel amelala. Gari la kwanza, gari la pili, foleni, ofisini. Jioni foleni ile ile imegeuka tu. Nafika nyumbani saa tatu usiku, Joel amelala. Miaka yake minne ya kwanza, mwanangu nilimjua kwa nyayo. Nilikuwa nikikaa miguuni pa kitanda naziangalia.

Obedi alikuwa amenyoosha kiganja kana kwamba punje zimo.

— Haya. Sasa ya Dodoma.

— Naamka saa kumi na mbili, tena kwa kupenda. Basi la ofisi linanipitia. Saa kumi na nusu nimeshatoka. Nanunua zabibu, nakuja hapa, naegemea jiwe. Jioni nzima inakuwa yangu.

— Na unaifanyia nini?

— Namfikiria Joel.

Castory mwenyewe alishtuka kusikia imetoka nyepesi vile. Ilimuuma, na hakuificha. Alijifuta uso kwa kiganja na kusingizia vumbi. Kule alikuwa na mtoto, hana saa. Huku ana saa, hana mtoto.

— Gunia limeliwa na panya ubavuni, alisema Obedi kwa upole. Linahitaji kushonwa, sio kupimwa.

— Na gharama? aliingilia Spika, aliyekuwa haogopi kingine duniani isipokuwa ukimya. Hatujafika kwenye gharama!

— Gharama ni kuishi mara mbili, Mzee. Kodi mbili, majiko mawili, chumvi mbili.

— Chumvi mbili! Ndiyo maana presha. Sasa sikilizeni, niwape siri ya nchi hii yetu. Huku maisha ni nafuu kwa sababu ya upepo. Upepo wa Dodoma una chakula ndani. Mnadhani vumbi hili ni udongo mtupu? Linapita Chamwino, linapita Mpwapwa, linachukua unga wa uwele kidogo kidogo. Mtu akitembea toka hapa hadi Mailimbili mdomo wazi, ameshakunywa uji. Mgeni anafunga mdomo, anajifunika leso, halafu analia mshahara hautoshi!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Obedi.

— Apone nini? Mwenyeji kapandishiwa kiwanja! Na si hilo tu. Saa za huku ni ndefu. Kule pwani jua likichoka linaangukia baharini, puu, limezimika. Hapa litaangukia wapi? Nchi kavu, tambarare. Lazima litafute mahali pa kukaa. Linazunguka, linauliza, linapewa kiti. Hapo umepata saa nzima ya bure, na serikali haijaikata kodi.

Castory alitazama magharibi. Kweli jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya Area D, halina haraka, limegeuza vumbi lote kuwa rangi ya asali. Kwa dakika nzima aliamini.

— Nyie mnazungumzia jana, alisema Asma. Kuhama kulianza zamani. Wale watu wa michoro ya Kolo mmewaona? Warefu, wembamba kama njiti, nywele zimesimama. Watafiti wanakuja na kamera, wanasema sijui ni imani, sijui ni ngoma. Mimi nimezaliwa pale, nawaambieni: wale walihamishwa bila posho.

Obedi alipaliwa na kahawa.

— Wallahi! aliapa Asma. Waliambiwa hamieni juu ya mlima, huko kuna viwanja. Wakafika, hakuna maji, hakuna soko. Wakakonda vile. Nywele zimesimama kwa bei ya vitu. Na pale wanaposhikana mikono, mmoja anamvuta mwenzake kushoto, mwingine kulia: huyu anataka kurudi, huyu anataka kubaki. Wamechorwa wakiwa bado hawajaamua. Mpaka leo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Spika kwa huzuni kubwa, na hakuna aliyemuuliza guu linaingiaje hapo.

— Na kuna la ndoto, aliendelea Asma. Barua ya uhamisho huwa inaandika nini, Abiria?

— Mtumishi, familia yake na mizigo yake.

— Ndoto zimetajwa?

— Hazijatajwa.

— Unaona! Mtu anahama, ndoto inabaki kituo cha zamani. Inasubiri nauli. Wewe ukilala hapa unaota nini?

— Naota niko kwenye foleni. Tazara pale, Dar. Halafu gari limejaa watoto wamelala.

— Na ukilala kule?

Castory alifikiri. Hajawahi kumwambia mtu jambo hilo.

— Naota upepo. Naota nimeegemea hili jiwe, na nikigusa ukutani kwa usingizi nakuta ukuta wa baridi, naamka.

— Basi ndoto zako nazo zinabadilishana vituo, alisema Obedi, na safari hii walicheka wote, hata Castory, kicheko cha chini chini kilichomlegeza mabega.

Spika aligonga ubao. — Nyumba usiyolala ndani hujui hila yake. Kwa hiyo barua isainiwe!

— Imeingiaje hapo hiyo methali, Mzee?

— Imeingia kwa mlango. Abiria, sema mwenyewe: unarudi Dar au hurudi?

— Ndiyo linalonisumbua. Kila siku narudi.

— Subiri, alisema Asma, birika likiwa hewani. Nimelisikia hilo. Ijumaa iliyopita umepita hapa na begi, nikakuuliza vipi, ukasema, "Narudi Dar." Jumatatu umekuja macho mekundu, Mzee Spika kakuuliza lini umeingia, ukasema, "Nimerudi jana." Ijumaa ya kabla yake hivyo hivyo. Miaka mitatu mimi sijawahi kukusikia unakwenda. Unarudi kule, unarudi huku. Mwenzetu huwa unakwenda lini?

Kule masijala Castory amefundishwa kwamba jalada likitoka lazima liandikwe limekwenda wapi, na likirudi liandikwe limerudi. Jalada linalorudi tu bila kutoka ni jalada lililopotea.

— Kwa nini usimlete mama na mtoto? aliuliza Obedi. Sisemi kwa ubaya. Ndiyo swali la kwanza ningeuliza sokoni.

— Mama Joel anashona sare za shule. Ana wateja wake, ana jina mtaani. Nikisema njoo, nitakuwa nimemng'oa mtu shambani kwake mahindi yakiwa mabichi.

— Umemuuliza?

— Hayo si ya kuuliza kwa simu. Na nikiwa kule, siku mbili zinakwisha tunagawana habari. Mwezi uliopita nimefika, Joel kanipokea vizuri, kanivua viatu, kaniletea maji. Halafu kaniuliza, "Baba, leo unalala hapa?" Nikasema ndiyo. Akaenda kumwambia mama yake, "Mgeni analala." Alikuwa anatania, mtoto wa miaka saba. Mama yake akacheka. Mimi nikaenda uani. Jumatatu yake ndiyo nikamtafuta Elieth.

Jua hatimaye lilikuwa limepata pa kukaa. Watu walikuwa wanapita na mifuko ya mboga, wakisalimia bila kusimama, shikamoo Mzee, marahaba, kahawa ipo? Ipo ya mwisho. Jiwe bado lilikuwa la moto. Castory aliegemea, akaacha sauti zao zipite juu yake, Spika akishindana na Obedi kama upepo unaweza kupimwa kwa kilo. Alijisikia vizuri, na akajisikia vibaya kwa kujisikia vizuri. Alikuwa karibu kusinzia simu ilipoita.

Simu ya Castory imekufa spika ya sikioni siku nyingi, kwa hiyo huongea kwa sauti ya wazi, kijiwe kizima kikisikiliza kwa heshima. Kule upande wa pili ilisikika cherehani ikikimbia.

— Haloo, Baba Joel. Uko wapi?

— Niko nyumbani, alijibu Castory, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Cherehani ilisimama.

Asma aliweka birika chini taratibu lisigonge. Castory alifumbua macho. Alilisikia neno lake mwenyewe likiwa limekaa katikati yao kwenye ubao, na hakuna namna ya kulirudisha.

— Nyumbani wapi? aliuliza Evelina.

— Hapa... huku. Jiweni.

— Miaka mitatu nakuuliza uko wapi, unaniambia "niko huku." "Niko Dodoma." "Niko geto." Leo unasema nyumbani.

— Limenitoka tu, Mama Joel.

— Najua limekutoka. Ndiyo maana nimesikia.

Spika mwenyewe alisogeza sikio. Kwenye simu ilisikika sauti ya gari la mtaani Dar, na mtoto akiimba kitu kwa mbali. Castory alisubiri ugomvi, kwa sababu ugomvi angeuweza. Alikuwa na majibu yake tayari. Ila Evelina alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

— Na hapo nyumbani, pana nafasi ya cherehani?

Castory alimtazama Spika. Spika alimtazama Obedi. Obedi, anayejua kwa kuangalia tu gunia lina kilo ngapi, alitazama viganja vyake. Asma, anayekumbuka kila neno lililowahi kusemwa pale, hakuwa na neno hilo, kwa sababu halijawahi kusemwa. Castory alijaribu kukiona chumba chake akilini: kitanda, begi juu ya kiti, dirisha. Dirisha liko upande gani? Mbele ya dirisha pana nini? Miaka mitatu amelipa kodi ya chumba asichokijua pembe zake. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine, chepesi, kilichomfanya atake kukimbia.

— Sijui, alisema. Mama Joel, kweli sijui. Na wateja wako?

— Huko watoto hawasomi?

— Wanasoma.

— Uchi?

Spika alicheka kwa nguvu, akajiziba mdomo. Castory alikuwa ameshasimama, simu mkononi, kikombe cha Asma mkono wa pili.

— Usikate. Naenda kupima.

— Na barua? alinong'ona Obedi.

— Elieth nitampigia mwenyewe asubuhi. Amchukue huyo wa Morogoro.

— Unapimia nini, Baba Joel, una futi? iliuliza simu.

— Nina miguu.

— Kikombe changu! alipiga kelele Asma, lakini hakumfuata, na kahawa yenyewe ilikuwa imekwisha. Castory alikata kona pale barabara inapopinda, anatembea kwa haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka, na sauti ya Evelina ikawafikia nyuma yake, ndogo lakini wazi:

— Pima na kitanda cha Joel. Siku hizi analala amenyoosha miguu.