Mikasi Miwili na Kiunzi cha Seli

Benchi langu liko ng'ambo ya geti la maabara, kati ya cherehani ya Fundi na matofali ya Zege, mwashi anayejenga duka la jirani tangu mwaka jana. Kazi yangu kumimina kahawa na kusikiliza. Jumanne ile, saa nne asubuhi, Darubini, kama tunavyomwita, alivuka barabara. Ni binti anayekuza seli mle ndani. Siku zote hunywa wima na kuondoka. Siku hiyo aliketi, kikombe kikapoa mkononi.

— Umefiwa? Zege akamuuliza.

— Hapana. Nimeona seli zisizo na kiunzi.

Kiunzi, akatueleza, ni nguzo na kamba zinazoishikilia seli isilegee. Miezi mitano walikuwa wakihangaika kuharibu jeni inayotengeneza nguzo moja tu.

— Kuharibu, miezi mitano? Fundi akasema. Mngempa Spika dakika mbili.

Spika, dereva wa teksi anayeegesha hapo na kuizidi redio yake kwa maneno, hakukana.

— Kazi ni kukata palepale, Darubini akasema. Jeni ni nyuzi mbili zilizosokotana. Mkasi wetu ni protini; ule wa kukata zote mbili ukipotea njia, unaharibu pengine. Kwa hiyo tunapeleka mikasi miwili, kila mmoja unakata uzi mmoja. Mmoja ukipotea, seli inashona, yanaisha. Yote miwili ikikutana, ndipo panakatika kweli. Seli inaunga kwa pupa, inakosea mshono, na jeni haisomeki tena.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

— Miaka thelathini nashona, sijaona ujanja kama huo.

— Ndiyo maana ya mafahali wawili hawakai zizi moja, Zege akasema.

— Lakini hawa wamekaa, na kazi imekwenda, Fundi akamjibu.

— Basi mmoja alikuwa jike.

Spika akadakia:

— Mwisho watatengeneza watu wasio na kiunzi. Mtu anapita chini ya mlango. Na mimi kwenye teksi sipakii tena, namimina. Abiria kumi na wanne, na buti bado tupu.

Tulicheka. Darubini hakucheka.

— Nguzo moja tu imekosekana, na seli zimelala bapa kama maji yaliyomwagika, akasema taratibu. Tulichora mkwaruzo katikati yazo. Zilizo nzima zilitambaa, zikauziba kwa siku moja. Hizi zinanyoosha mkono, zinashindwa kujivuta. Lakini ziko hai. Tangu jana zinajaribu.

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja aliyefuata sare kwa Fundi, amembeba mgongoni binti wa kama miaka saba, miguu ya mtoto ikining'inia.

— Samahani, dada. Daktari aliniambia jeni ya misuli ya huyu iliharibika tangu tumboni. Nyie mnaziharibu za nini?

— Tujue ile nguzo inafanya kazi gani, mama.

— Na mkishajua kuikata, mnajua kuirudisha?

Spika alizima redio ya teksi yake.

Darubini akainuka, akampisha mama akae. Akamwambia mtoto kwamba bosi wake akikubali, atamwonyesha seli zinavyotembea.

— Sitaki zinazotembea, mtoto akasema. Nataka kuona zile zinazojaribu.

Bosi alikubali. Zege ndiye aliyembeba mtoto kuvuka barabara.