Kosa la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kaka yetu mkubwa, ambaye wanafunzi wake walimwita Umejuaje, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba iliyo nyuma ya posta, mtoto wa kwanza wa karani na mshonaji. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, fundi redio. Mniwie radhi nikisoma polepole. Tangu Jumanne nimekufa ganzi, hata kulia bado.

Alisoma shule ya jirani, kisha ya bweni, kisha chuo kikuu, fizikia. Mwaka wa pili aliiacha akaingia falsafa ya sayansi na teknolojia. Baba akamuuliza, "Hiyo inatengeneza nini?" Akajibu, "Inauliza tu, baba." Baba alinuna siku tatu.

Alifundisha miaka thelathini na nne, chumba namba 12, chenye dirisha lisilofungika. Kila mwaka, somo la kwanza, aliwasomea wanafunzi kosa moja kutoka maandishi yake mwenyewe. Hata alipostaafu waliendelea kumwita aje kulisoma. Alipoandika kitabu chake juu ya ujuzi wa mafundi, alikaa kwenye stuli kibandani kwangu miezi sita. Kila nikigusa waya: "Umejuaje?" Wateja walidhani ni mwanagenzi wangu, mzito kidogo wa kuelewa. Hakuwasahihisha.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa shemeji yetu, muuguzi. Alipomposa alimpa pia sababu tatu za kumkataa. Shemeji akamwambia ya pili haina mashiko, akakubali.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wodini aliniuliza, "Mdogo wangu, kitabu umekisoma? Nimekosea wapi?"

Nikasema, "Chote, kaka. Hakuna kosa."

Nilikuwa hata sijakifungua. Akasema, "Basi mwaka huu sina cha kuwasomea." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi.

Juzi nilikifungua. Ukurasa wa arobaini na moja unasema fundi akiletewa redio, kwanza huinusa. Si kweli, kaka. Kwanza namsikiliza aliyeileta. Ungefurahi sana kuambiwa. Nilikudanganya, na inaniuma. Hilo ndilo kosa langu la mwaka huu, nimelisoma mbele ya watu.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, aliyefika ukurasa wa arobaini na mbili. Alale pema, kaka yetu.